Ukuta Mmoja Hula Kumi

9 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nadhani barua hii inakukuta mzima, tena ukiwa na ugomvi na mtu mmoja angalau, maana siku nikiambiwa umepatana na watu wote ndipo nitakapoanza kuogopa. Mimi sijambo. Mafua yameniachia, ila baridi ya huku bado. Mwambie mama mdogo koti alilonishonea nalivaa kila siku, ingawa mikono yake ni mirefu kunizidi. Nadhani anaamini bado ninakua.

Jumapili saba sasa sijasikia sauti yako. Nakaa na simu mezani tangu saa nne asubuhi kama tulivyozoea, nikijua kwamba wakati huo unavaa kofia na kupanda hadi njia panda, kwa sababu ndani ya nyumba yako simu hugeuka kuwa tochi tu. Saa tano inafika, kimya. Nimejiambia labda simu imekuangukia tena kwenye zege. Nijulishe, hata kwa mistari miwili.

Sasa nina ombi. Unakumbuka uliniuliza ninasomea nini hasa, nikakueleza mpaka ukajifanya mtandao umekatika? Nitajaribu tena kwa kifupi. Mawimbi ya redio, yale yanayobeba sauti ya simu, yakiingia ndani ya jengo yanapata tabu. Ukuta unakula sehemu, sehemu unairudisha ilikotoka, na sehemu nyingine inapita mlangoni na kukata kona. Mimi naichora nyumba ndani ya kompyuta, ukuta kwa ukuta, halafu kompyuta inarusha maelfu ya miale na kuufuata kila mmoja mpaka uchoke. Mwisho inaniambia ukisimama wapi utasikika na ukisimama wapi utapiga kelele bure. Inasaidia watu wa zimamoto, kwa mfano. Wakiingia kwenye jengo lenye moshi, aliye nje anajua ni wapi atawapoteza.

Kwenye jengo la chuo mahesabu yangu yamekubali. Sasa msimamizi wangu anataka nyumba wanamoishi watu, tena ambayo aliyeijenga bado yupo na anaweza kusema ndani ya kuta kuna nini. Nilicheka peke yangu ofisini, maana nyumba ya namna hiyo naijua moja tu. Nimeichora kwa kumbukumbu, mchoro huu hapa, naomba uurekebishe. Kwenye kifurushi kuna kiboksi cheusi kinachorusha mawimbi, na simu ya kupimia. Mambo yakienda sawa, mwezi wa nane namaliza, na nikimaliza narudi. Miaka sita inatosha, Mjomba. Nimekukumbuka mpaka wakati mwingine nakasirika.

Mpwa wako,
Kwanini


2 Februari

Kwanini, binti mwenye maswali kuliko polisi,

Marahaba, mwanangu. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na ugomvi ninao wa kutosha, usihofu. Jirani mpya amejenga uzio. Kipande ninachokiona dirishani kimelewa kabisa, kinataka kulala barabarani. Nilimtumia salamu kwamba kamba ya timazi haiumi, aitumie tu. Hajajibu. Mama mdogo wako anasema mikono ya koti hukunjwa, hailalamikiwi.

Kuhusu simu, pale njia panda wanachimba barabara. Matingatinga yananguruma mchana kutwa na vumbi ni la kukata kwa panga. Sasa niende nikapige kelele mbele ya mafundi wote kwamba nimemkumbuka mpwa wangu? Tuandikiane tu. Barua unaisoma ukiwa umekaa.

Mchoro wako umenichekesha mpaka mbavu zikauma. Korido umeipa hatua kumi na sita. Binti, korido ni hatua saba. Ulikuwa na miguu ya kuku, ndiyo maana uliiona ndefu. Dirisha la chumba chako umelipandisha karibu na dari, kumbe liko usawa wa kifua. Ulikuwa unapanda ndoo ili uchungulie nje, na ndoo ikakuangusha mara mbili. Mengine umepatia. Sebule ni ya mbele. Upande wa kushoto wa korido kinafuata chumba chako, halafu stoo, halafu chumba changu. Upande wa kulia bafu, halafu jiko. Jiko halina mlango. Nililiacha wazi kwa sababu mama yako, Mungu amrehemu, alitaka awasikie watu wa sebuleni huku akipika, asipitwe na umbea.

Unauliza ndani ya kuta kuna nini. Kuna tofali la kuchoma, upana wa shibiri, na plasta ya kidole kimoja kila upande. Nondo ziko kwenye linta juu ya milango, kwingine hakuna hata msumari. Kila ukuta umesimama kwa timazi. Kompyuta yako ikisema umepinda, badilisha kompyuta.

Kiboksi kiko juu ya meza sebuleni. Mama mdogo wako ndiye aliyekiwasha, na anakipita kwa mbali kana kwamba kitamrukia. Namba nitakuletea.

Usiharakishe kurudi kwa ajili yangu. Maliza kwanza ulichoendea. Nyumba haina miguu, utaikuta.

Mjomba


20 Februari

Mjomba,

Shikamoo tena. Nimecheka korido siku nzima, kisha jioni nikakaa nikaifupisha kwenye kompyuta, kutoka hatua kumi na sita hadi saba. Sikutegemea kwamba ingeniuma. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiikimbia yote kukufuata chumbani kwako asubuhi, na ilikuwa safari. Sasa naambiwa ni hatua saba.

Kupima ni rahisi. Simu niliyokutumia itakuonyesha namba moja kubwa. Namba ikiwa ndogo, wimbi lina nguvu, na ikiwa kubwa, wimbi limechoka. Karibu na kiboksi itasoma kama arobaini. Ingia kila chumba, simama katikati, shika simu usawa wa kifua, ngoja kidogo, andika. Sogea nusu hatua, andika tena. Mara kumi kwa kila chumba, pamoja na saa uliyopima. Usishangae namba zikirukaruka, mawimbi hayatulii, yanagongana yenyewe kwa yenyewe.

Mjomba, sikudanganyi, nina hofu. Sura nzima ya kazi yangu imesimama juu ya nyumba hii. Ndiyo nyumba pekee ninayoweza kuieleza mbele ya watu bila kutazama karatasi.

Kwanini


15 Machi

Kwanini,

Huku wote wazima. Mama mdogo amepata kazi ya kushona sare za shule nzima, kwa hiyo hasemi na mtu isipokuwa pini zikiwa mdomoni.

Namba zako ziko kwenye karatasi ya pili, nimezipanga kwa chumba. Chumba chako, hamsini na pembeni yake. Bafu hivyo hivyo. Stoo na jiko, sitini. Chumba changu, sabini. Chumba changu kina namba nyingi kuliko ulizoomba, zipo mia na arobaini na mbili, kwa sababu mchezo ulininogea. Usiniulize kwa nini, ingawa najua ndilo jina lako.

Nimeandika kwa kalamu ya seremala, vumilia.

Mjomba


6 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimepokea namba, na nimezibusu kabla ya kuzisoma. Kalamu ya seremala inanuka nyumbani. Natumaini mama mdogo amemaliza sare na pini zimetoka mdomoni. Mimi nimehamia chumba kingine chenye dirisha linalotazama ukuta. Ni ukuta mzuri, ungeupenda, kila tofali linajua mahali pake.

Kuna jambo moja limenikalia kooni. Chumba chako kimekubali kabisa, kompyuta ilisema sabini na wewe umepata sabini. Vyumba vya mbele vinatofautiana kidogo tu, hilo ni kawaida. Tatizo ni jiko. Kompyuta inasema arobaini na tisa, kwa sababu mawimbi yanatoka sebuleni, yanashuka na korido, na yanaingia jikoni bila kubisha, mlango hakuna. Wewe umeandika sitini. Kwetu sisi hiyo si tofauti ndogo, ni kama kumwona mtu pale pale au kumwona kupitia ukungu.

Nimehangaika wiki mbili. Nimelijenga upya jiko mara kumi na moja. Nimejaribu plasta nene, nimejaribu tofali lenye unyevu, nimejaribu kabati la vyombo. Haikubali. Njia pekee inayokubali ni kuweka bamba la chuma kwenye ukuta wa korido, kuanzia chini hadi juu, nalo lipite hadi penye uwazi. Kwa hiyo nimeandika hivyo kwenye sura yangu na kumpa msimamizi, kwamba huenda kuna chuma ndani ya ukuta. Wewe uliniambia hata msumari haupo. Lakini nikichagua kati ya kompyuta yangu na vipimo vyako, najua nani anayekosea.

Niambie, Mjomba. Kuna chuma? Nahitaji neno lako kabla sura haijapita.

Wakati mwingine nikiwa nimechoka napita ndani ya nyumba hii ya kompyuta. Unabonyeza kitufe na unaingia. Naingia sebuleni, nashuka na korido yangu fupi, nafika chumbani kwako. Kila kitu kiko mahali pake. Halafu natoka, kwa sababu hakuna mtu wa kumwamkia.

Kwanini


12 Mei

Kwanini,

Nimechelewa kujibu, samahani. Mambo yalikuwa mengi.

Ndiyo, kuna chuma. Ukuta ule nilikosea zamani, ukatoka na tumbo, nikafunika kwa bamba la bati na kupiga plasta juu yake. Sikumwambia mtu. Andika hivyo, na msimamizi wako aridhike. Hakuna haja ya kulizungumza tena.

Mama mdogo anakusalimu. Mvua zimekuwa za kutosha.

Mjomba


31 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Safari hii nitatangulia na shida, habari zitafuata.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nilikuwa na miaka kumi ulipoubomoa ukuta wa shule. Ulikuwa umefika dirishani, mwenye kazi amekuja kuutazama na kuusifu, ukatundika timazi ukaona umetoka nje kwa upana wa kidole. Mwenye kazi akakwambia plasta itaficha. Wewe ukashika nyundo mbele yake. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya rundo la mchanga nikila embe, na nilikuuliza kwa nini. Ukaniambia, "Plasta itamficha yeye. Mimi nitakuwa najua."

Mtu huyo hana bati nyuma ya plasta. Ungeniambia umeiba ningetafakari kidogo. Ungeniambia umeoa ningeuliza nani. Lakini kwamba ulijenga ukuta wenye tumbo na kuufunika, ndani ya nyumba alimoishi dada yako, hapo umeniona mtoto mdogo.

Kwa hiyo nikarudi kwenye karatasi yako ya pili. Nilikuwa sijawahi kuitilia shaka, ndiyo maana sikuwahi kuitazama. Jiko: sitini, sitini na moja, sitini, hamsini na tisa, sitini, sitini na moja, sitini, hamsini na tisa. Umezipanga kama tofali, mstari mmoja huku, mstari mmoja kule. Stoo vivyo hivyo. Bafu vivyo hivyo. Na saa hujaandika. Mawimbi hayana adabu kiasi hicho, Mjomba. Arobaini kwenye kiboksi, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuandikia arobaini. Hamsini baada ya ukuta mmoja, sitini baada ya kuta mbili, sabini baada ya tatu. Ukuta mmoja hula kumi. Ulipiga hesabu. Na jiko umelihesabia kuta mbili kupitia bafu, ukasahau kwamba wimbi lingepita mlangoni, pale pale ulipoacha wazi kwa ajili ya mama.

Chumba chako peke yake ndicho kina namba za kweli. Zinaruka, zinashuka, zina saa, zote mia na arobaini na mbili. Saa mbili asubuhi, saa nne, saa sita, saa tisa, siku kumi na tisa mfululizo. Simu haijasogea hata hatua moja, hilo linaonekana. Tangu lini wewe ukawa chumbani saa nne asubuhi? Na kila siku mara tatu, saa moja, saa saba na saa kumi na mbili, namba inapanda ghafla hadi themanini na kitu, kisha inarudi. Najua kinachofanya hivyo. Mwili wa mtu umejaa maji, akisimama mlangoni mawimbi yanamgonga na kufia hapo. Kuna mtu anasimama mlangoni kwako mara tatu kwa siku, saa za chakula.

Njia panda hakuna anayechimba barabara, sivyo? Na uzio wa jirani unauona dirishani kwa sababu dirisha ndilo unaloliona.

Umelala tangu lini, Mjomba? Niambie ukweli, mimi si mwenye kazi.

Kwanini


20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mama mdogo wako amenisomea barua yako kwa sauti, kwa sababu miwani imevunjika, na alipofika kwenye saa za chakula alicheka mpaka akalia, akasema nimelea mchawi.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, tarehe ishirini na tatu. Nilikuwa juu ya jukwaa la ghorofa ya pili, naziba ufa ambao si mimi niliyeufanya. Ubao ukateleza. Nilianguka kwa nyonga. Hospitali wakafanya walichoweza, wakafunga, wakafungua, wakaniambia mfupa umeshika lakini si sawasawa. Nakaa kitandani. Nikiegemea mtu nafika kwenye kiti cha dirishani. Mguu wa kulia unanisikiliza unapotaka, na mara nyingi hautaki. Mama mdogo wako anakuja asubuhi, mchana na jioni, ananiletea chakula na kunigombeza. Ndiye mtu uliyemwona kwenye namba zako.

Sikukuambia kwa sababu nakujua. Ungeacha kila kitu na kupanda ndege, na mimi ningekuwa ndiye mtu aliyeiua kazi yako. Mama yako aliniachia neno moja tu, usome mpaka utakapotaka mwenyewe. Nilisema nitajikaza, mwezi wa nane si mbali.

Sasa kuhusu namba. Hilo linaniuma kuliko nyonga, usidhani natania. Ulipotuma kile kiboksi nilifurahi. Tangu nianguke hakuna mtu aliyenipa kazi. Nilipima chumba changu siku kumi na tisa, kila namba ni ya kweli, ningeapa mahakamani. Vyumba vingine nilimwomba mama mdogo wako akapime. Alikwenda na simu chumbani kwako, akaishika juu chini, akarudi na namba ya saa badala ya kipimo. Nikamwambia aache. Nikachukua kalamu. Nilijua arobaini yako, nilijua sabini yangu, katikati kuta tatu, na kuta nilizijenga mimi, zote sawa. Nikagawanya. Nikaona inakwenda vizuri kama kupanga kozi za tofali, mstari juu ya mstari, nikajisifu. Nilijua ni uongo, lakini nilidhani ni uongo ulio karibu sana na ukweli. Ulipoandika kuhusu chuma nilikaa mwezi mzima na barua yako chini ya mto. Ama niseme niko kitandani, ama niutukane ukuta wangu. Nikautukana ukuta. Tangu siku hiyo nikitazama upande wa jiko naona haya.

Mwambie msimamizi wako ukweli, usiufiche hata kidogo. Sema mjomba wako alipima kwa kichwa. Halafu tumia jengo lingine, maliza.

Lakini usije. Hilo nakuomba. Nimekonda, mkono wa mwiko umelegea. Wewe unamkumbuka mtu aliyekubeba mabegani akapanda nawe ngazi. Baki naye huyo.

Mjomba


9 Julai

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Nimelia, nimemaliza, sasa naandika.

Nilimwendea msimamizi na karatasi zako zote mbili. Nilimwambia namba za vyumba vinne si vipimo, na kwamba lile bamba la chuma nililibuni mimi, si wewe, kwa sababu nilitaka zikubaliane. Aliuliza mjomba wangu amesomea wapi. Nikamwambia ni mwashi. Akasema kuhesabu kuta ndivyo watu walivyofanya hapo mwanzo, kabla kompyuta hazijawa na nguvu ya kufuata miale, na wapo wanaofanya hivyo mpaka leo. Akasema umekosea pale pale wao walipokosea, mlangoni. Ungemwona anavyotikisa kichwa. Nadhani angekupa kazi.

Sura imeondolewa, hilo lilikuwa lazima. Nilipewa njia mbili. Ya kwanza, nitumie jengo la chuo peke yake, kazi iwe ndogo, nimalize mwezi wa nane kama nilivyopanga. Ya pili, niende mwenyewe nikapime nyumba, chumba kwa chumba, na kumaliza kuchelewe kwa mwaka mmoja.

Nimechagua ya pili. Usigombe, sikuichagua kwa sababu ya nyonga yako tu. Kuna jambo nimekuficha na mimi. Miaka miwili iliyopita nilipata nafasi ya kuja, wiki nne nzima, tiketi ilikuwa tayari. Nilikwambia chuo kimekataa. Chuo hakikukataa. Niliogopa kwamba nikikuona sitaweza kugeuka kurudi, basi nikabaki huku nikajenga nyumba yako kwenye kompyuta na kuzunguka ndani yake kama mwizi. Nilisema nafanya utafiti. Nilikuwa nakutafuta, Mjomba, na kule ndani hukuwepo, maana kompyuta inachora kuta, milango na meza, watu inawaacha.

Unaniambia nibaki na yule aliyenibeba mabegani. Yeye nimekaa naye miaka sita na hanisemeshi. Mimi namtaka huyu aliyekonda, anayegombana na uzio, aliyepima mia na arobaini na mbili akiwa kitandani na hakudanganya hata moja. Nisipokuja sasa nitakuja lini? Siulizi ili unijibu.

Nafika tarehe ishirini na tano Agosti, mchana, na nitakaa mpaka mwezi wa kumi na mbili. Nitapima mimi, wewe utasoma namba ukiwa kwenye kiti cha dirishani. Mama mdogo asisogee karibu na simu.

Kwanini


28 Julai

Mwanangu,

Marahaba mara nyingi. Huku sote hatujambo. Mama mdogo wako ameshona mapazia ya chumba chako, kisha akayafumua, kisha akashona tena, sasa anasema rangi haifai. Uzio wa jirani umeanguka wiki iliyopita, wenyewe, mchana kweupe, hakuna aliyeumia. Nilikaa tu kitini nikautazama, na jirani akanitazama mimi.

Niliandika barua nyingine kabla ya hii, kurasa tatu, za kukuambia usije. Ilikuwa barua nzuri, yenye hoja. Nilimpa mama mdogo wako aiposti. Jioni akaja akaniambia ameichana njiani, na kama nina nguvu nimfukuze. Sina nguvu. Basi nikabaki na jambo la pili, ambalo nilikuwa nalizunguka tangu barua yako ifike, nalo ni kwamba nataka uje. Naona ugumu hata kuliandika. Miezi minane watu wananiuliza nataka nini, nasema sitaki kitu.

Kwa hiyo njoo. Nitakuwa chumbani, au kitini kama mguu utakubali. Utanikuta mdogo kuliko unavyonijua. Ukitaka kulia, lia mara moja tuimalize, kuna vyumba vinne havijapimwa.

Jambo moja tu nakuomba ulishike. Siku hiyo mlango wa mbele utakuwa wazi tangu asubuhi, nimeshamwagiza mama mdogo wako. Usisimame nje na usipige hodi. Nikisikia hodi yako nitataka kuinuka nikufungulie, na siwezi. Wewe ingia tu.

Mjomba wako